Pampu Tatu

Siku ya kwanza kuingia nyumbani kwa wakwe zangu nilitaka mambo yawe wazi tangu mlangoni, kabla hata sijavua viatu. Nikasema, "Kuna jambo moja bora mlijue mapema. Mimi nina pampu."

Mama mkwe, Marketta, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mgeni akijisifu kwamba kwao kuna paa.

"Hata sisi tunayo, mwanangu," akasema. "Vua viatu, ukae, nikutilie kikombe."

Akaingia jikoni, akarudi amebeba chupa kubwa nyekundu ya kahawa, ile ya kubonyeza kichwani kahawa ikatiririka kwenye mdomo wake. Kumbe katika nyumba ile hiyo ndiyo pampu. Imeitwa hivyo tangu mume wangu anatambaa. Kwao mtu akisema pampu imeisha, maana yake kuna msiba.

Ilibidi niinue sweta kidogo niwaonyeshe ya kwangu: kidude kidogo kama pakiti ya sigara, kimening'inia kiunoni, kina mrija mwembamba unaoingia tumboni. Marketta akasema, "Oo." Baba mkwe, Taisto, ambaye mpaka hapo hakuwa ametoa sauti yoyote zaidi ya kukohoa, akainama akakichunguza kama anavyochunguza injini. Halafu akanipa sentensi yake ya kwanza.

"Inatoa vikombe vingapi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Mimi naitwa Saimi. Kongosho langu liliacha kazi nikiwa darasa la kwanza, bila notisi wala kuaga, na tangu hapo kazi yake naifanya mimi: napima sukari, nahesabu wanga ulio kwenye chakula, naipa pampu amri, nayo inanipa insulini. Huku kwetu si jambo la kushangaza. Darasani tulikuwa wawili, na kwenye basi la shule kulikuwa na wa tatu, tukigombana nani ana tundu zuri zaidi vidoleni. Mume wangu anaitwa Tatu. Ni mmoja tu, lakini ananitosha.

Mimi ni mtoto wa mkoa wa Savo, na sisi watu wa Savo tunajua kusema. Ukituuliza njia ya kwenda posta, utasikia kwanza habari za shangazi yetu na goti lake. Ukoo wa Tatu ulihamia huku kutoka mkoa wa Häme, na huko maneno yanawekwa akiba kama kuni. Taisto ameendesha gari la kusukuma theluji barabarani maisha yake yote, peke yake ndani ya kibanda cha dereva, na nadhani ndiyo maana anaipenda kazi hiyo. Yeye na mwanawe wanaweza kukaa saa nzima sauna, kile chumba cha mvuke, bila kusema lolote, kisha watoke wakisema walikuwa na mazungumzo mazuri.

Nikapata mimba. Tukahamia ghorofani kwa wakwe ili Marketta anisaidie, na alinisaidia kweli. Alinunua mizani ya jikoni, akaanza kupima kila kitu kabla hakijaingia kinywani mwangu.

"Hii sambusa ya ngano nyeusi, wanga wake huu hapa," anasema, amevaa miwani. "Na hicho ulichomega ukidhani sijakuona, ongeza."

"Mama, nilionja tu."

"Pampu yako haijui kuonja."

Kwa mwenye kisukari, mimba ni hesabu inayobadilika kila ukigeuka. Miezi ya mwanzo sukari inaanguka bila sababu, unajikuta umesimama mbele ya friji unakunywa juisi kama ng'ombe kisimani. Halafu mambo yanageuka: kondo la nyuma linakomaa, na mwili unataka insulini zaidi, na zaidi, mpaka karibu na mwisho nilikuwa natumia mara tatu ya ile ya kawaida. Nikatengeneza mipango miwili ndani ya pampu. Wa kwanza niliuita Tumbo. Wa pili niliuita Bila Tumbo, ukisubiri siku yake, maana mtoto akishatoka mahitaji yanaporomoka palepale, na ukichelewa kupunguza, unazimia huku watu wanakupongeza.

Mwezi wa saba wa mimba nililazwa siku chache kwa sababu ya mafua yaliyoipandisha sukari yangu darini. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, msichana mwenye moyo mzuri kabisa, akasoma kwenye karatasi zangu kwamba natumia pampu. Akafungua mlango, uso umejaa furaha.

"Hongera! Umeanza kukamua mapema hivi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, na inatoka insulini tupu."

Ndipo nilipojua kuwa kwenye wodi ya wazazi kuna pampu nyingine kabisa, ile ya maziwa, na kwamba neno hili litanisumbua. Nililichukulia kama kichekesho. Ningelichukulia kama onyo, ningewaokolea watu wengi mafuta ya gari.

Wakati wa mafua hayo ndipo nilipoanza kubishana na Daktari Vartiainen. Mtu mpole, mwenye ndevu zinazoonekana kama zimesahauliwa usoni. Alitaka siku ya kujifungua niivue pampu, niwekewe dripu ya insulini na ya sukari, na wauguzi wapime wao.

"Ni utaratibu mzuri, Saimi. Akina mama wengi wanajifungua nao salama."

"Naamini, daktari. Ila mimi dripu tulishakutana." Nikamweleza: nikiwa na miaka kumi na mitano nilitolewa kidole tumbo katika hospitali nyingine, pampu ikafungiwa droo, sukari yangu ikacheza bembea siku mbili. Kila nikisema inapanda, naambiwa tulia, tutapima saa ikifika. "Sasa safari hii ikipanda, haitaniumiza mimi tu."

Alijua nasema nini. Sukari ya mama ikipanda wakati wa uchungu, mtoto ndani anatengeneza insulini nyingi kuikabili. Akizaliwa, sukari ya mama inakatika na kitovu, lakini insulini ya mtoto bado ipo, kwa hiyo sukari yake inaanguka. Hapo anachukuliwa mbio kwenye wodi ya watoto wachanga, jengo lile lingine ng'ambo ya ua, na mama anabaki na picha kwenye simu. Hilo ndilo nililoliogopa. Uchungu wenyewe sikuuogopa sana, kwa sababu nilikuwa sijaujua. Nilitaka mtoto wangu alale kifuani kwangu, basi.

Daktari akakuna ndevu. "Tufanye hivi. Sukari yako ikibaki kati ya nne na saba, na pampu ikiwa nzima na ina vifaa vyake, unaiendesha mwenyewe. Moja likiharibika, dripu, bila kubishana. Sawa?"

"Bila kubishana?" nikasema. "Mimi ni mtu wa Savo, daktari."

"Basi ubishane ukiwa na dripu."

Tukapeana mikono.

Waliniita kuanzishiwa uchungu mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Nilifunga begi kama mtu anayekwenda harusini: nguo za siku mbili, vifaa vya pampu vya siku mbili na ziada kidogo. Mtoto alikuwa na ratiba yake. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili nikacheza karata na Tatu, nikamshinda, hakuna kitu. Sindano moja ya pampu ikapinda ilipoingia, nyingine nikaing'oa mwenyewe nikivua gauni la hospitali. Siku ya tatu, Jumapili ya laskiainen, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, watoto wote wa nchi wakiteleza vilimani na vibao vyao, wangu naye akaamua kuteleza.

Uchungu ukaanza kwa kishindo. Nami niko safi: sukari tano na nusu, mchoro wake kwenye simu umenyooka kama barabara ya Taisto. Mkunga wetu, Tuulikki, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye maegesho, akatazama simu yangu akasema, "Wee mtoto, hata mimi nisiye na kisukari sina mchoro kama huo."

Hapo pampu ikaimba. Ina kawimbo kake kafupi, kama simu ya kuchezea ya mtoto, na maana yake ni moja: insulini inakaribia kwisha. Nikatia mkono kwenye begi nichukue kichupa kipya na mrija wake. Nikapapasa. Nikamwaga kila kitu kitandani. Soksi, chaja, karata. Kichupa cha pampu kikishatumika hakijazwi tena, na sindano niliyokuwa nayo ilishakaa siku zake zote. Hospitali ilikuwa na insulini ya kuogea, lakini vifaa vya pampu yangu viko kliniki ya kisukari, na kliniki hufungwa Jumapili.

"Tatu," nikasema, "kile kiboksi cha njano. Kabati la jikoni, rafu ya juu. Mwambie baba akilete. Mwambie upesi."

"Sawa."

Sasa, mume wangu hapigi simu kama anaweza kuandika, na haandiki kama anaweza kunyamaza. Nikamwona anabonyeza bonyeza, kidole kimoja, akarudisha simu mfukoni.

"Amejibu?"

"Amesema sawa."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Alete."

Uchungu mwingine ukaja, nikashindwa kuendelea na upelelezi. Ningeisoma ile meseji palepale tungecheka mapema. Niliisoma baadaye. Ilikuwa hivi, na naiapia: *Pampu imeisha. Leta. Iko jikoni.*

Kutoka kijijini ni saa nzima wakati wa kiangazi. Siku ile upepo ulikuwa unarusha theluji kwa vibao, na Taisto hakupoteza muda na gari dogo. Alikuja na gari lake la kazi, koleo kubwa la theluji limeshushwa mbele, akilima barabara yote mpaka mlango wa hospitali, magari mengine yamepanga mstari nyuma yake kama msafara wa bwana harusi. Nilimsikia kabla ya kumwona: buti zito kwenye korido, halafu mlango ukafunguka. Koti la kazi linalong'aa, nyusi zimeganda theluji. Kifuani amekumbatia kitu kimefungwa kwenye taulo, kama mtu aliyekwisha kujifungua kabla yangu.

Akafungua taulo. Akaweka juu ya meza, karibu na kichwa changu, ile chupa nyekundu.

"Hii hapa," akasema. Akafikiri kidogo, akaongeza, kwa fahari, "Imejaa."

Kikatoka kicheko cha Tuulikki, akaushika ukuta. Mimi nikaanza kucheka, uchungu ukanikuta katikati ya kicheko, na siwezi kumshauri mtu achanganye vitu hivyo viwili. Machozi yakatoka, sijui ya kipi.

Tatu alikuwa mweupe kuliko shuka. "Baba," akasema. "Ile nyingine."

"Ipi nyingine? Nyumbani tuna moja."

"Ya Saimi, baba. Pampu ya Saimi!"

Taisto akatazama kiunoni kwangu. Pampu nayo, kama iliyosubiri kutambulishwa, ikaimba tena. Nikaona mzee anavyoelewa, polepole, kuanzia kwenye paji la uso kushuka chini. Aliivua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia isipokuwa mazishini na sauna.

"Marketta ametuma na maandazi ya krimu," akasema, sauti imefifia. "Ya jamu."

"Asante, baba," nikasema, maana nilitaka kulia kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili yangu.

Daktari Vartiainen akaingia, akaiona chupa, akaona nyuso zetu, akaacha kuuliza. Alisoma pampu yangu. "Insulini iliyobaki itatosha kama saa moja hivi, si zaidi. Saimi, tulikubaliana."

"Najua."

"Nitarudi nyumbani," Taisto akasema.

"Kwenda na kurudi, kwa hali hii?" Daktari akatikisa kichwa. "Mtoto hatakusubiri, mzee. Nitaandaa dripu. Ikifika mwisho tunabadilisha. Saimi, haimaanishi kwamba mtoto ataondolewa. Tutajitahidi sana."

Nilijua atajitahidi. Nilijua pia naye ana leba nyingine mbili, na wauguzi ni wachache Jumapili, na sukari yangu haipendi kungoja saa yake ifike. Nikageukia ukutani. Mtu wa Savo kukosa la kusema ni jambo baya. Tatu akashika mguu wangu, ndiyo sehemu iliyokuwa karibu naye.

Taisto akaichukua chupa yake akatoka. Nikamwambia Tatu, "Mfuate. Asije akaendesha katika hali hii." Kwa hiyo haya yanayofuata amenisimulia Tatu, na Tatu hana kipaji cha kutunga uongo, hata ukweli unamtoka kwa shida.

Chini ukumbini kulikuwa na watu wamekaa wakisubiri jamaa zao, kila mmoja ameacha viti viwili kati yake na mwenzake, kama ilivyo adabu. Mgahawa umefungwa. Mashine ya kahawa imebandikwa karatasi kwamba haifanyi kazi. Watu wamekaa pale tangu asubuhi bila kahawa, Jumapili ya laskiainen. Taisto akaiweka chupa juu ya meza, akakaa. Harufu ikaanza kutoka. Tatu anasema vichwa viligeuka kimoja kimoja, kama paa wakisikia tawi likivunjika.

Taisto akabonyeza kikombe kimoja, akampa kijana aliyekuwa karibu. Kijana akapokea. Akampa wa pili. Akafungua maandazi. Watu wakasogea. Hakuna aliyesema neno, wote wanakunywa, wote wanatazama viatu. Hapo ndipo baba mkwe wangu alipofanya jambo ambalo Tatu alinisimulia kwa kunong'ona, kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

Alisimama. Akakohoa. Akasema na watu asiowajua.

"Samahani," akasema. "Mkwe wangu yuko juu anajifungua. Ana kisukari. Alitaka pampu, mimi nikaleta hii." Akaionyesha chupa. Watu wakaacha kutafuna. "Kosa ni langu. Kuna mtu hapa mwenye pampu? Siyo ya kahawa."

Tatu alitamani sakafu ifunguke. Kijana mmoja alikuwa ameliinamia andazi lake kana kwamba krimu imeandikwa habari. Mzee wangu akabaki amesimama, masikio mekundu, hakai. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maana alishaanza:

"Ya insulini. Ya kiunoni."

Nyuma kabisa, karibu na mti wa plastiki, bibi mmoja alikuwa anafuma soksi. Akamaliza mstari wake kwanza. Akaweka sindano za kufumia chini, akapandisha sweta mbele ya watu wote, na pale kwenye mkanda wa sketi, ikang'aa.

"Yangu ya bluu," akasema. "Rangi ina shida?"

"Haina shida," Taisto akasema.

"Basi lete kikombe kingine, na hilo andazi ulilomficha mwanao."

Jina lake Hilkka. Alikuwa anasubiri mjukuu wake ajifungue ili apate kitukuu, na kisukari alikuwa nacho tangu utoto wake, kabla mama yangu hajazaliwa. Kwenye mkoba wake, kati ya uzi na pipi za chumvi, alikuwa na kichupa cha ziada na mrija wa ziada wenye sindano yake, vimefungwa havijaguswa, pampu aina ileile ya kwangu. "Mimi hata kanisani siendi bila hivi," alimwambia Tatu.

Tatu akapanda ngazi kwa miguu, lifti aliiona inachelewa. Akaingia chumbani anahema kama mbwa wa kuvuta sleji thelujini, akaniwekea kifurushi mkononi.

"Umeitoa wapi?"

"Baba aliongea."

"Na nani?"

"Na watu."

Niliacha kumwuliza, niliona bado ana mshtuko.

Daktari akakichukua kifurushi, akasoma tarehe, akakagua kama kimefungwa vizuri, akakigeuza tena kana kwamba anatafuta sababu ya kukataa. Hakuipata. Akaniletea insulini ya hospitali kwa mkono wake.

"Upesi kabla ya uchungu unaofuata," akasema.

"Niharakishe, au nifanye vizuri?"

"Saimi!"

Nilijaza kichupa, nikatoa viputo vya hewa kwa kukigonga na ukucha, uchungu ukaja nikamshikisha Tatu kila kitu nikapiga kelele, uchungu ukaenda nikampokonya nikaendelea. Nikachoma sindano mpya pajani, pembeni, tumbo lilikuwa limeshajaa. Nikabonyeza. Pampu ikatetemeka kidogo na kukubali. Kwenye simu, sukari ilikuwa imeanza kupanda, sita na nusu na mshale juu. Nikaipa kiasi kidogo, nikasubiri, mshale ukalala. Dripu ilibaki imening'inia pale kwenye chuma chake, imevaa, haina wa kucheza naye.

Yaliyobaki ni yale yale ya kila mama, nami sitayapamba. Nilimtukana Tatu kwa majina ya mboga. Tuulikki alinisifu uongo mara nyingi na nikamwamini kila mara. Kelele zangu, naambiwa, zilifika ukumbini, na Hilkka akamwambia Taisto, "Anaendelea vizuri huyo, ana pumzi."

Halafu mara pakawa na kelele nyingine ndogo zaidi, kali zaidi, na kitu cha moto kinachoteleza kikawekwa kifuani kwangu. Msichana. Uso umekunjamana kama wa Taisto akiona bei ya dizeli.

"Pampu," Tuulikki akanikumbusha.

Kondo la nyuma lilikuwa limetoka. Kwa mkono mmoja nikamshika binti yangu, kwa mwingine nikaifuata menyu kwa kidole, nikaupita ule mpango uliokuwa nasi miezi yote, nikachagua wa pili. *Bila Tumbo. Thibitisha?* Nikathibitisha. Nikahisi uchungu mdogo hapo, wa aina nyingine, kisha mtoto akapiga chafya na ukapita.

Sasa ikabaki ile ya mwisho. Wakamwacha anyonye kwanza, halafu muuguzi wa watoto akaja na kipimo. Akamchoma kisigino. Binti yangu akalia kwa hasira, nami nilijua hasa anavyosikia, nikamwambia, "Pole, mwanangu, karibu kwenye ukoo." Tatu alishika ukingo wa kitanda. Muuguzi akatazama kipimo. Kwenye mlango uliokuwa wazi kidogo niliona kipande cha koti linalong'aa, kimesimama, hakipumui.

"Hii nzuri," muuguzi akasema. "Nzuri kabisa. Tutapima tena baadaye, lakini kwa sasa haendi popote huyu."

Alipimwa tena, na tena, kila mara akimlaani muuguzi. Kila mara alibaki. Jengo la ng'ambo ya ua sikuliona ila kupitia dirishani, limefunikwa theluji, zuri sana kwa mbali.

Jioni Hilkka alikuja kumwona, mkononi soksi ndogo mbili zilizokuwa zimeanza maisha yao kwa ajili ya kitukuu chake. "Wetu atapata nyingine," akasema, "bado anasitasita kutoka." Akaketi, akaniuliza sukari, nikamwonyesha mchoro. Akautazama mwanzo mpaka mwisho.

"Enzi zangu walinilaza miezi mitatu kabla ya kuzaa," akasema. "Sindano ya kioo, inachemshwa kila asubuhi. Mtoto nikamwona kupitia dirisha, siku ya nne. Nilifuma soksi za kijiji kizima, hakuna kazi nyingine." Akambonyeza binti yangu kwenye pua. "Huyu kalala palepale alipozaliwa. Haya, mimi nimeridhika na andazi langu."

"Nitakurudishia kifaa chako kesho, bibi. Tatu atakwenda kliniki ikifunguliwa."

"Atume baba yake. Ana kahawa nzuri na haongei sana."

Mlangoni mtu alikohoa.

Tuulikki, zamu yake ikikaribia kwisha, akaingia kuangalia namna mtoto anavyonyonya. Mtoto alisinzia kifuani kila baada ya mafunda mawili, mvivu kama baba yake. "Anahitaji kusaidiwa kidogo mpaka ajifunze," mkunga akasema. "Saimi, tukupe pampu?"

Tatu akasimama wima. Hilkka akaacha kufuma. Mlango ukafunguka taratibu, kichwa cha baba mkwe wangu kikachungulia, kofia mkononi, funguo za gari zimeshatoka mfukoni.

"Samahani," akasema. "Pampu ipi?"